Jinsi ya Kupanga Chakula cha Kutosha kwa Safari Ndefu ya Miguu

Mtu anayejiandaa kutembea kwa siku nyingi akiwa na shanta mgongoni hukabiliwa na maswali mawili yanayovutana: ni chakula kiasi gani kitakachomtosha, na ni kiasi gani atakachoweza kukibeba. Akibeba kidogo, nguvu humwishia akiwa mbali na msaada. Akibeba kingi mno, uzito wenyewe humchosha na kumfanya ahitaji chakula zaidi. Njia ya kuaminika ya kuyajibu maswali haya ni kuacha kukadiria kwa macho, na badala yake kuhesabu mambo matatu kwa mpangilio: nishati ambayo mwili utaitumia kwa siku, nishati iliyomo katika kila gramu ya chakula, na idadi ya milo itakayoliwa katika kila hatua ya safari, yaani kati ya kituo kimoja cha kununulia mahitaji na kingine. Hesabu hizi hazihitaji zaidi ya mzani wa jikoni, karatasi na saa moja au mbili za utulivu kabla ya kuondoka.

Anza na matumizi ya mwili

Nishati ya chakula hupimwa kwa kilokalori, ambazo kwenye pakiti nyingi huandikwa kwa kifupi kcal. Mtu aliyetulia hutumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila saa, na katika saa za kawaida za kambini, akilala, akipika na kushughulika hapa na pale, ni salama kuhesabu 1.2. Akitembea na mzigo, kiwango hicho hupanda hadi 5 kwenye njia tambarare, 6 kwenye vilima, na 7 au zaidi kwenye miinuko mikali au mzigo ukiwa mzito. Kwa hiyo unahitaji kujua mambo mawili tu kuhusu wewe mwenyewe: uzito wako, na saa unazotembea kwa kweli katika siku. Saa za kweli ni zile ambazo miguu inasonga. Mtu anayeondoka kambini saa moja asubuhi na kufika saa kumi jioni ametumia saa tisa njiani, lakini baada ya kuondoa mapumziko, picha, kuchota maji na chakula cha mchana, huenda ametembea saa sita.

Tuchukue mtu mwenye kilo 65 anayetembea saa sita kwenye vilima. Saa sita mara kilo 65 mara 6 ni kilokalori 2,340. Saa kumi na nane zilizobaki, mara 65, mara 1.2, ni 1,404. Jumla ni takriban 3,700 kwa siku. Mtu huyohuyo akiwa nyumbani pengine anashiba kwa kilokalori 2,000 hadi 2,200, na hapo ndipo mipango mingi inapoharibikia, kwa sababu mpangaji huitazama sahani yake ya kila siku, akaongeza kidogo, akaamini kwamba amejiandaa. Matumizi ya safari si yale ya nyumbani yaliyoongezwa kidogo; kwa mfano huu yamekaribia kuwa maradufu.

Makadirio haya yana mipaka, na ni vyema kuyachukulia hivyo. Watu wawili wenye uzito sawa hutofautiana kwa umri, kwa wingi wa misuli na kwa namna miili yao ilivyoumbika, na baridi kali au theluji laini huongeza matumizi. Hata hivyo, ni makadirio mazuri kuliko hisia za tumbo siku ya kufungasha, na ukishatembea hatua ya kwanza ya safari utayarekebisha kwa ushahidi wako mwenyewe.

Si lazima ule chote unachotumia, lakini jua ni kwa muda gani

Katika safari ya siku chache, kula kidogo kuliko unavyotumia hakuna madhara kwa mtu mwenye afya. Mwili huchota upungufu huo kwenye mafuta yake, na kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kilokalori 7,700. Msafiri wetu wa kilo 65 akila 2,900 badala ya 3,700 kwa siku sita, upungufu wake wote ni 4,800, sawa na takriban gramu 600 za mafuta. Hilo halimdhuru, na limempunguzia mzigo. Lakini upungufu huohuo wa 800 kwa siku ukiendelea kwa miezi mitatu unafika kilokalori 72,000, yaani zaidi ya kilo 9, na kwa kipindi kirefu namna hiyo mwili hauchomi mafuta peke yake, bali hula na misuli.

Mfano wa mbali zaidi wa jambo hili umerekodiwa vizuri. Mwaka 1992 na 1993, mpelelezi Mwingereza Ranulph Fiennes na daktari Mike Stroud walivuka bara la Antaktika kwa miguu wakijivutia mizigo yao wenyewe kwa siku 95. Posho yao ya chakula ilizidi kilokalori 5,000 kwa siku, kiasi ambacho watu wengi hawawezi hata kukimaliza, lakini kazi ya kuvuta sledi (chombo cha kuburuta mizigo juu ya theluji) kwenye baridi ilitaka zaidi ya hapo, na kila mmoja wao alipoteza zaidi ya kilo 20. Hakuna msafiri wa kawaida atakayefikia kiwango hicho, ila kanuni ni ileile: upungufu wa kila siku huonekana mdogo mpaka uuzidishe kwa idadi ya siku.

Hamu ya kula nayo ina kalenda yake. Katika siku tatu au nne za mwanzo watu wengi hawasikii njaa kama walivyotarajia. Uchovu, msisimko, joto au mwinuko huikata hamu, na sehemu ya chakula hurudi haijaguswa. Baada ya wiki mbili hivi za kutembea mfululizo mambo hugeuka, na njaa huja kwa nguvu ambayo asiyewahi kuipitia haiamini. Kwa sababu hiyo sipendekezi posho moja isiyobadilika kwa safari nzima. Kwa hatua ya kwanza panga takriban robo tatu hadi asilimia 80 ya matumizi uliyoyakokotoa, na kuanzia wiki ya tatu panga kiasi kizima. Kwenye miinuko ya zaidi ya mita 3,000, ambako hamu hupotea huku mwili ukiendelea kutumia nishati, beba vyakula unavyovipenda sana hata kama si vyepesi kuliko vyote, kwa sababu chakula kisicholika ni mzigo tu.

Nishati katika kila gramu

Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa 4. Maji hayatoi chochote. Sentensi hiyo moja inaeleza karibu kila uamuzi wa kufungasha. Tufaha bichi lina takriban kilokalori 52 kwa gramu 100 kwa sababu sehemu yake kubwa ni maji. Mchele, tambi na oti zisizopikwa zina kati ya 360 na 380. Maziwa ya unga yenye mafuta yake yote yana karibu 500, chokoleti 530 au zaidi kidogo, karanga na lozi kati ya 570 na 580, na mafuta ya kupikia, yawe ya zeituni au mengine, yanakaribia 900. Tende na zabibu kavu, ambazo wengi huzidhania kuwa nzito kwa nishati, ziko karibu na 280 hadi 300. Zinafaa kwa sababu nyingine, si kwa wepesi.

Lengo zuri kwa mkoba mzima ni wastani wa kilokalori 4.3 hadi 4.7 kwa gramu. Chini ya 4 unabeba maji au nyuzinyuzi bila sababu. Juu ya 5 utakuwa umetegemea mafuta kupita kiasi, na tumbo lisilozoea huasi kwa kichefuchefu au kuhara, hasa katika siku za mwanzo. Kwa wastani wa 4.5, kilokalori 3,000 zinakuwa na uzito wa takriban gramu 670, na 3,700 takriban gramu 820. Ndiyo maana wasafiri wengi wenye uzoefu hutaja gramu 700 hadi kilo moja kwa siku kama kipimo cha jumla. Ni kipimo sahihi, lakini kinafanya kazi kwa yule tu ambaye vyakula vyake ni vikavu na vina mafuta ya kutosha. Kilo moja ya mikate na mboga mbichi si kilo moja ya karanga na tambi.

Ili jambo hili lisibaki kuwa nadharia, hii hapa siku moja iliyopimwa. Asubuhi: oti gramu 90, maziwa ya unga 30, sukari 15 na zabibu kavu 30, jumla gramu 165 na takriban kilokalori 640. Mchana kutwa, kwa vipindi: karanga gramu 80, biskuti kavu 80, chokoleti 50, tende 60 na siagi ya karanga 40, jumla gramu 310 na takriban kilokalori 1,495. Jioni: tambi gramu 120, dengu zilizopikwa kisha zikakaushwa 40, mafuta 20, supu ya unga 15, na kinywaji cha moto chenye maziwa ya unga 20 na sukari 15, jumla gramu 230 na takriban kilokalori 970. Siku nzima ni gramu 705 na kilokalori 3,105, wastani wa 4.4 kwa gramu. Protini ni takriban gramu 90, ambayo kwa mtu wa kilo 65 ni gramu 1.4 kwa kila kilo ya mwili, kiwango kinachofaa kwa misuli inayofanya kazi kila siku.

Msafiri huyo akifika wiki ya tatu na kuhitaji 3,700, hana haja ya kuanza upya. Anaongeza gramu 20 za mafuta kwenye sufuria ya jioni, gramu 50 za lozi na gramu 25 za chokoleti. Amepata takriban kilokalori 600 kwa gramu 95, na mkoba wa siku sasa una gramu 800. Nadhani huu ndio utaratibu bora wa kupanga: msingi mmoja unaoeleweka, na nyongeza chache zenye mafuta ambazo huingia au kutoka kulingana na hatua ya safari.

Hesabu milo, si siku

Kosa linalojirudia mno ni kuzidisha posho ya siku nzima kwa idadi ya siku. Hatua inayoitwa ya siku sita mara nyingi huanza baada ya staftahi iliyoliwa mjini na kuishia mjini tena kabla ya chakula cha jioni. Kwa hiyo ina staftahi tano, posho sita za mchana, na milo mitano ya jioni. Ukitumia mfano wa hapo juu, staftahi tano ni gramu 825, posho sita za mchana ni gramu 1,860, na milo mitano ya jioni ni gramu 1,150, jumla gramu 3,835. Aliyezidisha siku kwa siku angebeba gramu 4,230. Tofauti ni gramu 395, yaani sawasawa na staftahi moja na mlo mmoja wa jioni, na hicho ndicho kiasi ninachokipendekeza kiwe akiba ya dharura. Kwa hesabu makini umepata akiba bila kuongeza uzito.

Akiba hiyo iwekwe katika mfuko wake, iandikwe, na isiguswe kwa sababu ya njaa ya kawaida. Iwe chakula kisichohitaji kupikwa, au kinachoweza kulika kikiwa kimelowekwa kwenye maji baridi, kwa kuwa dharura hupenda kuja pamoja na jiko lililogoma. Pale ambapo mto unaweza kufurika, njia inaweza kufungwa na theluji, au hakuna njia fupi ya kutokea, akiba iwe ya siku nzima au zaidi. Kwenye njia inayopitia vijiji kila siku mbili, mlo mmoja unatosha.

Ili ujue hatua itachukua siku ngapi, usitumie mwendo wako wa siku nzuri. Chukua umbali, ongeza muda wa kupanda (wengi huhesabu saa moja kwa kila kilomita 5, na nusu saa zaidi kwa kila mita 300 za kupanda), kisha jiulize kama unaweza kudumisha hivyo siku ya nne mvua ikinyesha. Chakula kipangwe kwa jibu la swali hilo.

Ugawaji ndani ya siku

Mwili huweka wanga kama glaikojeni kwenye misuli na ini, na akiba yote kwa mtu mzima ni takriban gramu 400 hadi 500, ambayo haizidi kilokalori 2,000. Anayetembea kwa bidii bila kula huimaliza katika saa chache, na ikiisha miguu huwa mizito, mikono hutetemeka, na akili huanza kukosea mambo mepesi kama kusoma ramani. Mafuta ya mwilini yapo, lakini hutolewa polepole, wala hayawezi kuziba pengo hilo kwa mwendo uleule. Ndiyo sababu posho ya mchana katika mfano wetu ndiyo kubwa kuliko zote, na haikupangwa iwe mlo mmoja. Igawanye iliwe kila saa moja au saa moja na nusu, kilokalori 200 hadi 300 kila mara, ukianza kabla ya kusikia njaa. Tende, zabibu kavu na biskuti zifae wakati wa kupanda, kwa kuwa wanga wake hufika kwenye damu haraka. Karanga na siagi ya karanga zifae pale unapokaa chini kupumzika. Vitu vya kula ukiwa unatembea viwe kwenye mfuko wa pembeni au wa kiunoni, kwa sababu chakula kilicho chini ya shanta hakiliwi kwa wakati wake.

Mlo wa jioni una kazi mbili: kurudisha wanga uliotumika na kuleta protini ya kukarabati misuli. Uliwe mapema baada ya kufika, na katika nyakati za baridi kali ongeza kitu chenye mafuta kabla ya kulala, kwani mtu aliyelala na njaa hushindwa kupata joto hata ndani ya mfuko mzuri wa kulalia.

Chumvi isisahaulike. Jasho hutoa maji na chumvi pamoja, na anayekunywa maji mengi matupu kwa siku nzima bila kula kitu chenye chumvi anaweza kushusha kiwango cha sodiamu katika damu hadi kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa. Hali hiyo ikizidi ni hatari kwa maisha. Karanga zenye chumvi, supu ya unga na biskuti za chumvi hulimaliza tatizo hili kwa watu wengi bila dawa yoyote.

Jiko, nishati ya kupikia na maji

Chakula kilichopangwa vizuri lakini kisichoiva ni hasara. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda, takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 300, hivyo kwenye mita 3,000 huchemka kwenye nyuzi 90 hivi. Maharage makavu na mchele wa kawaida hugoma katika hali hiyo au hula gesi nyingi. Chagua tambi nyembamba, oti za kuiva haraka, unga wa viazi, na nafaka au dengu ulizozipika nyumbani na kuzikausha, ambazo huhitaji kumiminiwa maji ya moto tu, kufunikwa na kuachwa dakika kumi hadi kumi na tano. Ukikausha nyama, ipike kwanza mpaka iive kabisa kabla ya kuiweka kwenye kikaushio, na uchague isiyo na mafuta, kwa maana mafuta huchacha.

Kuhusu gesi, hesabu gramu 12 hadi 20 kwa kila lita unayochemsha, kutegemea upepo, baridi na aina ya jiko. Kwa lita 0.6 asubuhi na lita moja jioni, hatua yetu yenye staftahi tano na milo mitano ya jioni inahitaji lita 8, yaani takriban gramu 120 kwa kiwango cha 15. Kizuia upepo na mfuniko wa sufuria hupunguza kiasi hicho kwa namna inayoonekana. Kumbuka pia kwamba chakula kikavu kinadai maji yake: ukipanga kulala mahali pasipo na maji, lita 1.6 ya kupikia jioni na asubuhi lazima ibebwe kutoka chanzo cha mwisho, na jioni hiyo pengine ni busara zaidi kula chakula kisichopikwa.

Kufungasha

Toa kila kitu kwenye maboksi na pakiti za dukani, kipime, kisha kifunge upya kwenye mifuko ya plastiki yenye zipu. Kata maelekezo ya kupikia na uyaweke ndani ya mfuko husika. Wapo wanaofunga mfuko mmoja kwa kila siku, na wapo wanaofunga kwa aina ya mlo. Napendelea utaratibu wa kwanza kwa anayeanza, kwa sababu mfuko wa Jumatano ukibaki nusu jioni ya Jumatano unajua kwamba umekula pungufu, na ukiisha adhuhuri unajua pia. Mafuta yawekwe kwenye chupa ndogo ya plastiki ngumu yenye kifuniko cha kuzungusha, kisha chupa hiyo iwekwe ndani ya mfuko mwingine, maana mafuta yakivuja huharibu mavazi na chakula kwa pamoja.

Kuna jambo dogo la usafi ambalo limewaokoa wengi: usiingize mkono kwenye mfuko wa karanga, na usimruhusu mwenzako aingize wake. Mimina kiganjani. Maradhi ya tumbo husambaa kambini kwa njia hii rahisi kuliko kwa maji, na mtu anayehara hana hesabu ya kilokalori itakayomfaa. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kujisaidia, mbali na chanzo cha maji.

Penye wanyama wanaovutwa na harufu, ujazo wa chakula nao huwa kipimo. Katika baadhi ya hifadhi, kama Yosemite nchini Marekani, anayelala porini analazimika kutumia pipa gumu la kuzuia dubu, na chakula cha siku nyingi lazima kitoshe humo pamoja na dawa ya meno na sabuni. Biskuti zilizopondwa kidogo, tambi nyembamba na siagi ya karanga huchukua nafasi ndogo. Pakiti zilizojaa hewa hazifai. Jaribu kujaza pipa nyumbani kabla ya kuondoka.

Mnapokuwa kikundi

Kugawana sufuria moja huokoa gesi na uzito, lakini kugawana sawa si kugawana kwa haki. Mtu wa kilo 90 na mtu wa kilo 55 wanaotembea njia moja hawatumii nishati sawa. Msafara wa mpelelezi Mwingereza Robert Falcon Scott kwenda Ncha ya Kusini mwaka 1911 na 1912 uliweka posho moja kwa kila mtu bila kujali mwili, na Edgar Evans, aliyekuwa na mwili mkubwa kuliko wenzake, alikuwa wa kwanza kufariki, Februari 1912. Majeraha na baridi vilichangia, lakini huenda njaa yake ilikuwa kubwa kuliko ya wengine kwa posho ileile. Tena Scott aliongeza mtu wa tano kwenye kundi la mwisho, ilhali chakula kilikuwa kimefungwa kwa makundi ya watu wanne, na upishi wa watu watano ukawa unachukua muda na mafuta ya jiko zaidi. Somo la kiutendaji ni kwamba kila mtu akokotoe hesabu yake, msingi wa jioni upikwe pamoja, na kila mmoja abebe posho yake ya mchana na chupa yake ya mafuta ya kuongeza kwenye bakuli. Idadi ya watu ikibadilika, mpango mzima ufanywe upya.

Kujaza chakula upya njiani

Katika njia za miezi mingi, kama Appalachian Trail ya Marekani yenye urefu wa takriban kilomita 3,500, hakuna anayebeba chakula cha safari yote. Watu hujaza mikoba yao kila baada ya siku tatu hadi sita katika miji iliyo karibu na njia. Siku kumi za chakula ni takriban kilo 7 hadi 8, na kwa maoni yangu huo ndio mpaka wa busara kwa mtu mwenye shanta ya kawaida. Zaidi ya hapo mwendo hupungua kiasi kwamba unalazimika kubeba chakula cha siku nyingine.

Unaweza kutuma maboksi mapema kwenda vituo vya mbele au kununua unapofika. Maboksi yanafaa pale ambapo duka ni dogo au halipo, na kwa mwenye mzio au masharti ya lishe. Udhaifu wake ni kwamba ladha na kiasi unachohitaji hubadilika baada ya wiki chache, na boksi la mwezi wa tatu lililofungwa kwa hamu ya siku ya kwanza huishia kugawiwa kwa wengine. Tuma yale ya lazima tu, hakikisha siku na saa za kufunguliwa kwa ofisi itakayoyapokea, na kwa sehemu zilizobaki nunua njiani kwa kutumia orodha yako ya gramu, siyo kwa njaa uliyoingia nayo dukani. Ukiwa mjini, kula kwanza matunda, mboga, mayai na nyama mbichi ambavyo mkoba wako hauna, kisha ndipo ununue.

Kila unapofika kituoni, kabla ya kununua chochote, toa chakula kilichobaki na ukipime. Kikibaki zaidi ya ile akiba, punguza mchana au jioni kulingana na kilichobaki. Kikiisha siku moja mapema, ukawa unahisi baridi usiku kuliko kawaida, unakasirika upesi, unajikwaa alasiri, au, kwa wanawake, hedhi ikakoma, ongeza kilokalori 300 hadi 500 kwa siku katika hatua inayofuata. Kama kuna mzani wa mwili mahali ulipofikia, jipime. Ukipungua zaidi ya nusu kilo kwa wiki, wiki baada ya wiki, ongeza mafuta, lozi na maziwa ya unga kabla ya kuongeza kitu kingine chochote, na upumzike siku nzima ukila kabla ya kuendelea.